Vidonge vya Espérance, Vidonge Vyangu

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nisamehe, daftari. Tangu Pasaka sijakugusa. Si kwamba nilikusahau. Kiki ana miezi minane, na mtoto huyu hanyonyi, anakamua! Mkono mmoja mtoto, mkono mwingine mwiko. Wa kukushika wewe sikuwa nao. Leo amelala baada ya misa. Basi naandika.

Mama amepigana! Mama Laurentine, miaka hamsini na tisa, mjane wa mtu wa reli, mshika bendera wa kina mama wa parokia. Amepigana na Mama Kapya, jirani wetu wa ukuta kwa ukuta, na mtaa wetu mzima wa Katuba ukitazama.

Ni maji. Oktoba hii visima vimebaki na tope. Mama Kapya anaishi kwa kuuza munkoyo, kinywaji chetu cha mizizi. Alikuwa amechota tangu alfajiri, akachemsha, akamimina kwenye beseni kubwa yapoe ndipo atie mizizi. Mama akapita na kichwa chake. Tangu Ijumaa anasema kinamgonga kama mtu anayetengeneza sufuria. Hakuuliza. Aliinua beseni zima, maji yameshapoa, akajimwagia, na kilemba cha misa juu!

— Laurentine! Maji ya munkoyo yangu! Uko na akili?

Mama akacheka, maji yakimchuruzika. Akasema Mama Kapya atachota mengine, ana kazi gani ingine, hana bwana, hana mutoto.

Hilo halisemwi. Mama Kapya alizika watoto watatu.

Alimpiga Mama na mwiko wa munkoyo, shavuni. Mama akamshika masuko ya nywele. Wakaanguka kwenye tope, wakaumana, wanawake wazima! Niliwatenganisha na Kiki mgongoni. Mama Kapya akasimama, mdomo unatoka damu, akapiga kelele mpaka barabarani:

— Hii kinywa yenye kunicheka, itapinda! Bantu bote basikie!

Wamesikia wote.

Nimemwosha Mama tope. Nikamwambia kesho utabeba ndoo mbili za maji, utaenda kuomba radhi, na mimi nitakuwa nyuma yako. Akaniambia siku hizi mimi ndiye mama yake. Nikamwambia ndiyo. Akasema kesho.


Jumanne, 7 Oktoba

Jana hakwenda. Leo ameanguka.

Saa moja asubuhi. Alikuwa anasonga bukari. Nilisikia sufuria kwanza, halafu yeye. Bukari ilimwagika moto moto kwenye mkono wake wa kuume, ngozi ikatoka nayo — na hakulia! Alikuwa anautazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Nikamwita. Akajibu kitu kama maji yanayochemka. Mdomo umevutwa upande mmoja.

Mdomo umepinda.

Adalbert, muuza makaa wa mtaa wetu, alimwaga makala yake yote barabarani ili tumlaze nyuma ya pickup. Mungu amkumbuke. Nilishika kichwa cha Mama njia nzima, na Kiki akapiga kelele njia nzima.

Hospitalini, muuguzi, infirmière Myriam, anauliza haraka haraka. Iko na tension, ile presha ya damu? Anakunywaka dawa gani? Na kwenye sikio langu lingine simu, kaka yangu Adrien, kutoka machimbo ya Kambove, analia na kutukana:

— Nani? Nani amemufanya hivi mama?

Myriam nilimjibu: hakuna dawa.

Adrien nilimweleza yote ya Jumapili. Beseni, mwiko, lile neno. Lote, kama lilivyotoka.

Kinywa kimoja! Pa kusema kimeficha, pa kunyamaza kimesema. Nilijua vidonge vipo. Vingine nilivinunua mimi. Niliogopa Myriam atanitazama vile nilivyokuwa najitazama.

Wanasema ni AVC. Kiharusi. Upande wa kuume wote umelala, na maneno yamekwenda.


Jumatano, 8 Oktoba

Mama mdogo Perpétue amenipokea zamu hospitalini. Nimekuja kuchukua vitenge vya Mama, na nimefungua kopo lake la bati la kuwekea rozari.

Plaquette mbili za vidonge. Zimefungwa pamoja na uzi mweupe.

Niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa. Joto la ndani lilimtesa Mama miaka. Damu ya mwezi ilikwisha zamani lakini joto likabaki: uso unawaka, anatupa kitenge, anaamka amelowa, anagombana hata na kuku. Yaya Espérance, dada yetu mkubwa, yuko Ubelgiji, anatunza wazee. Mwaka jana akatuma vidonge kwa msafiri. Ili kilo zisizidi alitupa maboksi na karatasi zake, akaviringisha plaquette ndani ya soksi. Mama akapoa. Akaanza kuimba akifua!

Mwezi wa sita msafiri alichelewa. Mama akaanza tena kuwaka. Nikabeba plaquette tupu mpaka farmasi ya pale kona. Yule bwana aliigeuza, akachukua mkasi, akanikatia kipande kwenye plaquette yake. Iko sawa na hii, akasema, ata inapita. Boksi lilibaki kwake. Ndivyo tunavyonunua wote, kwa kipande. Agosti vya Espérance vikafika, nikadhani Mama ameacha vyangu.

Hakuacha. Vikiisha alikuwa anajinunulia mwenyewe. Ndani ya bati kuna karatasi, mwandiko wake wa penseli:

Asubuhi — Espérance.
Mangaribi — Dorcelle.

Eh, Mama! Tulipokuwa wadogo, mmoja akileta embe na mwingine muwa, alikuwa anauma huku na huku mbele yetu, ili pasiwe na mwenye kulia. Zawadi ya mtoto haikataliwi, alikuwa anasema. Miezi miwili amekunywa zawadi zote mbili.

Nimempigia Espérance. Nilimsikia akivuta kiti. Akasema:

— Zangu usizitaje. Sema zile za kwako.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mtandao ni mbaya. Ulikuwa mzuri. Nilisikia mpaka saa yake ya ukutani.


Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika na jicho moja. La kushoto limefunga.

Asubuhi nilimwekea Myriam bati mezani. Nikasema jana nilidanganya. Hakunitukana, alimwita daktari tu. Daktari akazigeuza zile plaquette mara mbili. Akanieleza: hii ni homoni, ile inayokwisha kwa mwanamke damu ikikatika. Inasaidia wengine kweli, lakini mtu hapewi kabla ya kupimwa. Ikimezwa hivi inaweza kugandisha damu ndani ya mishipa, na kwa mwenye umri wa Mama, mwenye tension ya juu, ishirini, ambayo hakuna aliyewahi kuipima, hatari inapanda. Na dozi mbili! Akasema hawezi kuapa kwamba ni vidonge peke yake, tension ingeweza kumwangusha hata bila vidonge. Lakini mulozi, mchawi, hapana. Aliandika hayo kwenye karatasi, akapiga muhuri. Nikaileta nyumbani kifuani kama hostia.

Nilisikia mabati kabla ya kufika.

Adrien amekuja na wenzake watatu wa machimbo. Walikuwa juu ya nyumba ya Mama Kapya wanang'oa mabati kwa nyundo za kupasulia mawe. Ndoo za munkoyo zimepasuliwa, uwanja wote unanuka uchachu. Na yeye mwenyewe chini, kitenge kimevuliwa, yuko na jupon ya ndani tu. Walikuwa wamempiga na mikanda. Mgongo umefunguka. Watu wamejaa ukutani, wale wale tunaowapa chumvi! Mtu anapiga picha na simu. Mwanamke mmoja, sitaandika jina lake, alikuwa anahesabu mapigo.

— Fungula mama! anapiga Adrien kelele. Ulimufunga kinywa, mufungule!

— Sina kitu, mutoto wangu. Nilikasirika tu.

— Usiniite mutoto!

Kaka yangu! Aliyenibeba mabegani kwenda shule. Alimkanyaga Mama Kapya mkono. Nilisikia mfupa, kama muhogo mkavu.

Nikampa karatasi ya daktari. Hakuisoma. Aliipasua, akatia kipande kinywani, akakitafuna, akanitemea. Karatasi ya kununua, akasema.

Ndipo mmoja akaleta pneu, tairi kuukuu. Na petroli kwenye chupa ya maji.

Sikufikiri. Nilikwenda kukaa kwenye tope, nikamkumbatia Mama Kapya, Kiki akiwa mgongoni. Pneu ilikuwa imeshatupwa, ikatuangukia wote, ikanipiga hapa jichoni. Petroli ikanimwagikia bega. Nikasema kwa nguvu, mpaka wale wa ukutani wasikie:

— Ni miye nilimupatia mama dawa. Miye na Yaya Espérance. Alikunywa zote mbili. Basi washa, anza na miye!

— Toka, Dorcelle.

— Washa!

— Yaya Espérance hawezi kumutumia mama sumu. Unamusingizia juu iko mbali.

— Musikie yeye mwenyewe, basi.

Kibiriti kilikuwa mkononi mwake. Kiki akapiga chafya. Petroli ilimwingia puani. Chafya tatu, ndogo ndogo. Adrien akamtazama. Akanizaba kofi kwa mkono ule ule wenye kibiriti, njiti zikatawanyika kwenye tope.

Mjomba Godefroid, kaka mkubwa wa Mama, alifika na jasho, amechelewa kama kawaida. Amekata shauri: Jumapili saa tisa familia inakaa. Kama Espérance atasema kwa kinywa chake kwamba alituma, neno limekwisha. Asiposema, Mama Kapya watamchukua Adrien na wenzake, na mimi nitanyamaza.

Nimemwosha Kiki mara nne. Kichwa chake bado kinanuka.


Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda farmasi kutafuta boksi. Bwana ananitazama jicho, anacheka na wateja wake.

— Miye nilikuuzishia? Uko na facture, risiti? Mama, nenda kwanza upatane na bwana yako!

Bwana wangu Paulin yuko na lori lake mpakani Kasumbalesa, kwenye msururu, siku ya tisa. Hajui hata kama nina jicho.

Mkasi wake unaninginia pale pale kwenye kamba. Nikaushika, nikauvuta mpaka kamba ikakatika, nikaondoka nao. Alipiga kelele mwizi, mwizi. Hakuna aliyenigusa, sijui walichoona usoni mwangu. Sijui niliutaka wa nini. Uko hapa karibu na daftari.

Espérance: jumbe kumi na moja nimemtumia. Amesoma zote. Hajibu.


Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Kapya yuko chumbani mwangu tangu Alhamisi, mlango na komeo. Myriam alipita baada ya kazi, akamfunga mkono. Kwa kuwa hatukuwa na ubao, alitumia ule mwiko wa munkoyo. Mama Kapya akautazama:

— Umepiga Laurentine, sasa unanishika miye. Mwiko hauna adabu!

Tulicheka mpaka mgongo wake ukatoka damu tena. Kwa mkono uliobaki anambembeleza Kiki. Halafu akasema kama angejua kinywa chake kina nguvu hivyo, angeomba mvua. Na akimtazama Kiki tu:

— Nilitaka ipinde kiloko, kidogo tu, Dorcelle. Siku moja. Aone haya.

Nikamwambia maneno yako hayakumwangusha mtu. Akaitikia. Sidhani ananiamini. Hilo ndilo linaniuma zaidi ya jicho.

Saa tano sauti ya Espérance ikaingia kwenye simu! Analia. Anasema vidonge vilikuwa vya bibi mmoja anayemtunza. Daktari wa yule bibi alimkataza, alisema mishipa yake haitavumilia. Maboksi yakabaki kabatini, mengine yapo mpaka leo. Nikaona ni hasara kutupa, anasema, na Mama alikuwa anateseka. Nilijua kidogo, Dorcelle, sikujua sana. Ni miye nilituma.

Niliisikia mara moja. Mara moja! Nikamfunga Kiki mgongoni, nikakimbia kwa Mjomba Godefroid, nikabonyeza mbele yake. Pameandikwa: *Ce message a été supprimé.*

Ameifuta.

Mjomba akavaa miwani, akasoma yale maneno pole pole. Akasema, mwanangu, hii si sauti.

Nilikaa kwenye ngazi zake. Nimemchukia dada yangu kwa muda wa kunyonyesha titi moja. Nilipogeuza Kiki titi la pili nikakumbuka: na mimi nilimwambia Myriam hakuna. Kasoro yetu ni moja. Yeye ana bahari katikati, basi.


Jumapili, 12 Oktoba

Saa nane na robo. Viti vimepangwa uwanjani, vya plastiki, vya kuazima, kama matanga. Mjomba yupo. Adrien yupo na wale watatu, wamekunywa tangu misa. Pneu bado iko. Wameiegemeza kwenye ukuta wetu, upande wa kivuli, na kuku wamelala ndani yake.

Mama mdogo Perpétue amepiga simu kutoka hospitalini. Mama anakataa dawa za tension. Anafunga meno, anatema. Perpétue alipomdanganya kwamba ni Dorcelle amezituma, akameza. Mungu wangu. Hata sasa!

Nilikwenda kwa Adrien. Nilimpelekea maji, alikunywa. Nikamuuliza kama ataamini akisikia. Akasema akimsikia Yaya mwenyewe ataamini. Macho yake mekundu kama ya mtoto mgonjwa. Anatafuta mtu wa kumpiga kwa sababu ugonjwa hauna mgongo. Nikamwambia leo hutaingia chumbani mwangu, Adrien, nakupenda lakini hutaingia. Mkasi uko kiunoni mwangu chini ya kitenge. Aliuona.

Espérance yuko hewani, naona taa yake ya kijani. Ananiandikia nahitaji nini, kuna msafiri Jumanne, atume nguo za Kiki?

Naandika hapa kwanza nisikosee, halafu nitamtumia.

Nguo, hapana. Sabuni, hapana. Yaya, bado nahitaji hivi:

— couches, nepi za mtu mzima, taille M, za Mama. Hizo zinaweza kungoja Jumanne. Yanayofuata hayangoji

— picha ya boksi la kule kabatini, upande wenye jina la yule bibi na tarehe

— ile karatasi ya ndani, kurasa zote. Pale palipoandikwa *accident vasculaire cérébral*, ile AVC, piga mstari chini kwa kalamu

— siku ambayo daktari alimkataza. Kama hukumbuki siku, mwezi

— sauti yako. Kabla ya saa tisa. Usilie katikati, Adrien atasema nimekulazimisha. Taja jina lako kwanza, halafu jina la Mama, halafu useme ulituma. Kama "nilijua" inakushinda, iache. Sema tu "ni miye nilituma". Ni sekunde tano, na usiifute. Zangu nilishazisema nikiwa ndani ya pneu